Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirukaje, na picha zake zilifikaje chini?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nafundisha sekondari Kilwa Masoko. Bibi yangu alikuwa msichana mdogo huko Lindi kimbunga cha mwaka 1952 kilipopiga, na mpaka leo anasema kilikuja bila kubisha hodi. Lakini Mei 2024, kabla ya kimbunga Hidaya, sisi tulikuwa tunasikia redioni siku kwa siku kimefika wapi. Nilipowasimulia wanafunzi wangu hayo, wakaniuliza maswali yaliyonishinda. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwaje? Ilipigaje picha bila mpigapicha wala filamu, na picha ikafikaje chini? Kwa nini haikuanguka? Na iko wapi sasa?"

Jibu: Marahaba, mwalimu, na mfikishie bibi shikamoo yangu. Nimefurahi kwamba swali lako limeanzia baharini, maana huko ndiko vimbunga vinakozaliwa. Kimbunga hujikusanya mbali, juu ya maji yenye joto, kikakua hukohuko na kuanza safari yake. Mwaka 1952 watabiri walikuwa na vituo vya nchi kavu, vipimo vya mgandamizo wa hewa, maputo ya kupimia upepo wa juu, na taarifa za meli chache zilizobahatika kupita njia hiyo. Pasipopita meli, kwenye ramani ya mtabiri palibaki bahari tupu. Tufani linaweza kuwa linanguruma pale pale, na karatasi yake isionyeshe kitu. Kwa hiyo bibi anasema kweli tupu: hakuna aliyewaambia, kwa sababu hakukuwa na jicho la kuona huko.

Hata mataifa tajiri yalikuwa gizani. Oktoba 1954 Jeshi la Majini la Marekani lilirusha roketi ya uchunguzi kutoka White Sands, jimbo la New Mexico. Ilipanda kilomita 160 hivi, ikapiga picha za filamu, ikaanguka jangwani. Picha hizo zilipounganishwa pamoja zikaonyesha tufani la kitropiki juu ya Texas ambalo watabiri hawakuwa wamelitambua. Na Texas si katikati ya bahari. Ni nchi kavu yenye simu, viwanja vya ndege na vituo vya hali ya hewa. Kama jambo la ukubwa huo liliweza kuwapita huko, sembuse kwenye Bahari ya Hindi.

Mtu aliyelishikilia wazo hili kwa moyo wote ni Harry Wexler, aliyekuwa mkuu wa utafiti katika idara ya hali ya hewa ya Marekani. Mwaka huohuo wa 1954, miaka mitatu kabla Warusi hawajarusha Sputnik, setilaiti ya kwanza kabisa duniani, aliwaonyesha wenzake mchoro. Alikuwa amemwomba mchoraji aichore Dunia kama ambavyo ingeonekana kutoka kilomita 6,400 juu ya Texas, na mawingu yote mahali pake: tufani hapa, mkanda wa mvua pale. Mawingu hayo hayakuwa ya kubuni. Wexler aliyapanga kwa kufuata elimu ya hali ya hewa ilivyosema yangekaa. Mimi humheshimu sana kwa hilo. Alijua anachokitafuta kabla chombo cha kukitafutia hakijakuwepo.

Chombo chenyewe kiliitwa TIROS-1. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya setilaiti ya kuchungulia kwa televisheni na kwa mionzi ya joto, ingawa hii ya kwanza haikubeba kipimo cha kupimia mionzi ya joto ya mawingu. Mawingu iliyatazama kwa televisheni tu. Mradi ulianza mikononi mwa jeshi, kisha mwaka 1959 ukahamishiwa NASA, shirika la anga la Marekani lililokuwa bado changa. Waliounda setilaiti ni kampuni ya RCA, ya redio na televisheni, huko New Jersey.

Ukitaka wanafunzi waione kwa macho ya moyo, waambie wafikirie sufuria kubwa la pilau la harusi likiwa limefunikwa. Upana wake ulikuwa sentimeta 107, kimo chake sentimeta 48 bila kuhesabu antena, na uzito wake kilo 120 na ushee. Ubavu haukuwa duara kamili, ulikuwa na pande 18. Kifuniko na ubavu vilikuwa vimefunikwa seli za sola zaidi ya 9,000, vipande vidogovidogo vilivyopangwa kama magamba ya samaki, vya kuchaji betri zilizokuwa ndani. Kitakoni palichomoza fimbo nne za antena za kutuma mawimbi ya redio, na katikati ya kifuniko ikasimama fimbo moja ya kupokelea amri. Kamera mbili zilikaa kitakoni, zikiangalia nje sambamba na mhimili wa chombo. Kumbuka mahali hapo zilipokaa, nitaparudia.

Tuje kwenye kurushwa. Ilikuwa tarehe 1 Aprili 1960, saa 12:40 asubuhi huko Cape Canaveral, Florida. Kwetu ilikuwa saa 8:40 mchana. Roketi iliitwa Thor-Able, na ilikuwa ya ngazi tatu. Ngazi ya chini, Thor, asili yake ni kombora la kivita. Iliunguza mafuta yanayokaribiana na mafuta ya taa pamoja na oksijeni iliyopozwa hadi ikawa maji. Kazi yake ni ile nzito ya kuung'oa mzigo wote kutoka ardhini na kuupitisha kwenye hewa nzito ya chini. Ikiisha mafuta inaachwa ianguke, kwa sababu kubeba tangi tupu ni hasara. Ngazi ya pili inawaka, nayo inaachwa. Kisha ya tatu, ndogo, ya baruti ngumu, inatoa msukumo wa mwisho.

Ngazi ya tatu haikuwa na usukani. Ili isipinde njia ilizungushwa kwa kasi, mizunguko 136 kwa dakika, na setilaiti ikiwa juu yake inazunguka pamoja nayo. Ni hila ileile ya risasi inayotoka kwenye bunduki ikijisokota, au ya pia, kile kichezeo cha watoto cha kuzungushwa. Wanafunzi wako wanaijua: ikizunguka inasimama wima, ikipungua inayumba, ikisimama inalala. Wataalamu walikuwa wameshaona matokeo ya kuyumba. Februari 1959 setilaiti nyingine, Vanguard 2, ilikuwa imepanda salama ikiwa na vifaa vya kupima mwanga wa mawingu. Lakini ilikuwa inayumba vibaya kwenye mzunguko wake, na data zake zikawa hazisomeki. Kupanda ilipanda, ila kazi iliyotumwa haikuifanya.

Lakini mizunguko 136 kwa dakika ni mingi mno kwa kupiga picha. Kwa hiyo kiunoni mwa TIROS-1 palizungushiwa nyaya zenye vizito mwishoni. Wakati ulipofika vizito viliachiwa, nyaya zikajikunjua kwa nje, vikaondoka na sehemu kubwa ya mzunguko ule, na setilaiti ikatulia kwenye mizunguko 10 hivi kwa dakika. Hili unaweza kulionyesha darasani bila gharama. Mtoto ajizungushe akiwa amekunja mikono kifuani, kisha ainyooshe ghafla. Atapunguza mwendo bila kuguswa na mtu. Setilaiti ilifanya hivyohivyo, na halafu ikaitupa mikono yenyewe.

Sasa kwa nini haikuanguka? Waambie ukweli ambao huwa unawashangaza watu wazima pia: ilikuwa inaanguka muda wote. Ukirusha jiwe mbele linakwenda huku linaanguka. Ukilirusha kwa nguvu zaidi linaangukia mbali zaidi. Dunia nayo ni mviringo, na kila kilomita 8 unazokwenda mbele, uso wake unashuka mita 5 hivi. Kitu chochote kikiachiwa, katika sekunde ya kwanza huanguka mita 5 hivyohivyo. Basi kitu kinachokimbia karibu kilomita 8 kwa sekunde kinaanguka, na ardhi nayo inashuka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hakiifikii kamwe, mradi tu hakuna hewa ya kukipunguza mwendo. Ndiyo maana roketi haiendi juu moja kwa moja. Inapanda kidogo wima, halafu inajilaza ubavu, na nguvu yake kubwa inaitumia kwenda mbele. TIROS-1 ilikaa kwenye kimo cha kilomita kati ya 690 na 750 hivi, ambako hewa imebaki chembe tu, ikikimbia kilomita 7.5 kwa sekunde. Kutoka kwenu Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam, kwa mstari wa moja kwa moja, ingetumia nusu dakika. Dunia nzima iliizunguka kwa dakika 99.

Njia yake ilikuwa imeinama nyuzi 48 kutoka ikweta. Maana yake ilipanda hadi latitudo ya 48 kaskazini, ikashuka hadi ya 48 kusini, na katikati ikapita juu ya pwani yetu yote, kuanzia Somalia hadi Msumbiji. Kila ilipomaliza mzunguko mmoja, Dunia chini yake ilikuwa imegeuka nyuzi 25 kuelekea mashariki, kwa hiyo mzunguko uliofuata ulipita juu ya nchi nyingine.

Swali la picha ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kamera zile zilikuwa kamera za televisheni, na moyo wa kila moja ulikuwa bomba la kioo dogo, kipenyo chake nusu inchi. Kifuniko cha lenzi kilifunguka kwa muda mfupi sana, elfu moja na nusu za sekunde, yaani 0.0015 ya sekunde, ili mzunguko wa chombo usiivuruge picha. Mwanga ulioingia uliangukia bamba lenye sifa ya ajabu: palipopata mwanga mwingi, umeme wake ulibadilika sana, na palipokuwa na giza haukubadilika. Kwa sekunde chache bamba lile lilibeba picha ya mawingu iliyoandikwa kwa chaji za umeme badala ya wino. Kisha mwali mwembamba wa elektroni ukapita juu ya bamba mstari baada ya mstari, mistari 500 kwa sekunde 2, kama mtu anayesoma ukurasa kwa kuupapasa kwa kidole. Kila ulipopita, umeme ulipanda na kushuka kufuata weupe na weusi. Picha ikawa imegeuka mpando na mshuko wa umeme. Na umeme unaopanda na kushuka, mwalimu, unaweza kuurusha kwa redio kama unavyorusha sauti ya mtangazaji.

Kama setilaiti ilikuwa juu ya kituo cha kupokelea, picha ilitumwa palepale. Kama ilikuwa mbali, picha iliandikwa kwenye utepe wa sumaku kama ule wa kaseti. Kila kamera ilikuwa na utepe wake, na kila utepe ulibeba picha 32, moja kila baada ya sekunde 30. Vituo vikuu vilikuwa viwili tu: Fort Monmouth kule New Jersey, na Kaena Point kwenye visiwa vya Hawaii. Setilaiti ilipochomoza kwenye upeo, mafundi walikuwa na dakika kama kumi tu kabla haijazama upande wa pili. Ndani ya dakika hizo waliiamuru icheze utepe wote, wakapokea, wakaiamuru ipige picha za papo hapo, kisha wakategesha saa yake ya ndani ili ianze kupiga tena baadaye, itakapokuwa juu ya bahari fulani upande wa pili wa Dunia. Mtambo wa kutuma picha ulikuwa na nguvu ya wati 2, pungufu ya taa ndogo ya chumbani, na mawimbi yake yalidakwa chini na antena kubwa za sahani. Ardhini umeme uligeuzwa tena kuwa mwanga kwenye kioo cha televisheni, na mbele ya kioo hicho ndipo ilipokuwepo filamu: kamera ya kawaida ya milimita 35 iliyopiga picha ya kioo. Kwa hiyo filamu ilikuwepo, ila haikupanda angani.

Kamera zote mbili zilifanana, zilitofautiana lenzi. Ya lenzi pana iliona eneo la kilomita 1,200 hivi kwa 1,200 ikiwa imeangalia chini moja kwa moja. Ya lenzi nyembamba iliona kipande kidogo katikati ya eneo hilo, kwa undani zaidi. Wanafunzi wakikuuliza kama ilikuwa ya kijasusi, jibu ni kwamba lenzi pana haikuweza kutofautisha kitu kilicho kidogo kuliko kilomita mbili tatu. Haioni jahazi, haioni nyumba. Inaona wingu, na wingu ndilo lililokuwa linatakiwa.

Hapa watu wengi wakieleza habari hii huishia, na mimi naona hapa ndipo kazi ngumu inapoanza. Picha imefika. Ni ya mawingu. Mawingu ya wapi?

Rudi kwenye zile kamera zilizokaa kitakoni. Chombo kinachozunguka kama pia hakigeuki kuifuata Dunia, mhimili wake unaendelea kuelekea upande uleule wa mbinguni. Mpeleke mwanafunzi mmoja kwenye mwembe wa shule, mpe tochi, mwambie aielekeze kaskazini na asiigeuze hata kidogo, kisha auzunguke mwembe. Akiwa upande wa kusini, tochi inaumulika mti. Akifika upande wa kaskazini, tochi inamulika hewa tupu na kisogo chake ndicho kinachouelekea mti. TIROS-1 ilikuwa hivyo. Kwa sehemu tu ya kila mzunguko kamera ziliiona Dunia, na hata hapo mara nyingi ziliiona kwa mshazari, upeo wa macho ukiwa umekatiza picha. Kwingine kote zilitazama giza. Na kwa kuwa chombo kilikuwa kinazunguka, picha moja ilikuwa na kaskazini juu, iliyofuata kaskazini kushoto, nyingine chini.

Ili kuipata kaskazini, ubavuni mwa chombo viliwekwa vihisi 9 vya kuliona jua. Kihisi kipi kimeliona jua wakati picha inapigwa, ndicho kilichosema chombo kilikuwa kimegeukia wapi. Kihisi kingine kiliihisi joto la Dunia kila kilipoupita upeo, na kutokana nacho ikakokotolewa chombo kimelala kwa pembe gani. Halafu wanakaa watu mezani. Mtaalamu wa hali ya hewa anachukua picha, anachora juu yake mistari ya latitudo na longitudo kwa kukokotoa, anatafuta alama yoyote anayoijua. Picha za siku ya kwanza zilikuwa na bahati hiyo: zilionyesha ghuba ya mto St. Lawrence huko Kanada, na mtu anayeijua ramani haikosei. Katikati ya bahari hakuna mto wala rasi. Pale unategemea hesabu tu, na hesabu ikikosea kidogo tufani linahamia kilomita mia kadhaa kutoka lilipo.

Nimewafundisha watabiri vijana kusoma picha za setilaiti kwa miaka mingi, na siku ya kwanza huwa nawapa picha isiyo na mistari ya pwani. Huwa wanacheka, halafu wananyamaza. Wingu zuri, jeupe, limejikunja vizuri kabisa, na hakuna mmoja anayejua kama liko Mafia au Mauritius. Picha ya namna hiyo huwezi kuitangaza redioni.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Mhimili uliotakiwa kutulia ulianza kusogea polepole, siku baada ya siku. Mafundi walipochunguza waligundua kwamba mikondo ya umeme ndani ya chombo ilikuwa inakifanya kiwe sumaku dhaifu, na sumaku ya Dunia ilikuwa inakivuta, kama inavyovuta sindano ya dira ya nahodha. Katika utupu ule, nguvu ndogo kama hiyo inatosha ikipewa siku za kutosha. Wangeweza kuishia kulalamika. Badala yake, TIROS-2, iliyorushwa Novemba mwaka huohuo, ilizungushiwa waya wa umeme makusudi, ili wakitaka kuusogeza mhimili wapitishe umeme na kuiachia sumaku ya Dunia iwafanyie kazi. Nikitafuta ni kipi TIROS-1 ilitufundisha ambacho kisingepatikana mezani, naanza na hicho.

Kazi ya mezani ikiisha, mawingu yalichorwa upya kwenye ramani ya kawaida ya hali ya hewa, na ramani hiyo ikapelekwa kwa faksi hadi kituo kikuu cha utabiri huko Suitland, Maryland, na kutoka hapo kwa watabiri wengine. Ilichukua saa kadhaa tangu picha ipigwe. Kwa kipimo cha leo ni muda mrefu, lakini tufani halisafiri kama ndege. Ukilijua liko wapi saa chache zilizopita, unajua vya kutosha kuwaambia wavuvi wabaki nchi kavu.

Siku ileile ya kwanza picha zilifikishwa Washington na Rais Eisenhower akazitazama. Kwangu siku muhimu zaidi ni tarehe 10 Aprili. Siku hiyo TIROS-1 ilipita juu ya Bahari ya Pasifiki ya kusini na kupiga picha ya kimbunga kilichokuwa kama kilomita 1,300 mashariki ya Brisbane, kati ya Australia na New Zealand. Wingu limejisokota kama konokono, mikono yake imejikunja kufuata mwendo wa akrabu za saa, kama vimbunga vyote vya kusini mwa ikweta vinavyofanya, hata kile cha Lindi. Kilikuwa baharini, mahali ambapo zamani ungengoja meli ikutane nacho. Safari hii jicho lilikuwa juu.

Na picha hizo zilionyesha zaidi ya vimbunga. Zilionyesha kwamba mawingu ya Dunia yamepangika kuliko watu walivyodhani. Mawingu yaliyojisokota, yenye upana wa kilomita elfu na zaidi, yalifuatana juu ya bahari kama misafara. Mikanda ya mvua ambayo watabiri walikuwa wakiichora kwa kukisia kati ya vituo viwili vilivyo mbalimbali, sasa ilionekana yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ule mchoro wa Wexler, ulioonekana kama ndoto, ulikuwa karibu sana na ukweli. Aliishi kuuona, akafariki miaka miwili baadaye, 1962.

TIROS-1 ilifanya kazi siku 78, hadi katikati ya Juni 1960, hitilafu ya umeme ilipoinyamazisha. Ilikuwa imetuma picha 22,952, na zaidi ya 19,000 kati ya hizo zilifaa kutumika. Ilikuwa chombo cha majaribio, na usiwaruhusu wanafunzi waidhani ilikuwa mlinzi wa kudumu. Usiku haikuona kitu. Ncha za Dunia haikuzifikia. Inaweza kupita juu ya kimbunga leo, kesho kamera zikawa zimeangalia mbinguni. Haya yalirekebishwa kidogokidogo. Mwaka 1961 TIROS-3 ilikiona kimbunga Esther kwenye Atlantiki kabla hakijatambuliwa kwa njia nyingine. Desemba 1963 TIROS-8 ilikuja na mtambo wa kutuma picha moja kwa moja kwa yeyote aliye chini yake mwenye kipokezi, bila kungoja zipitie Marekani, na kwa nchi zisizo na roketi hilo lilikuwa kubwa kuliko mengine yote. Mwaka 1965 TIROS-9 ililazwa ubavu ikabingirika njiani kama gurudumu, kamera zikiwa ubavuni, na kila zilipogeuka chini zikapiga. Mwembe wako ukawa unamulikwa pande zote.

Jicho lililomfuatilia Hidaya ni la ukoo mwingine kidogo. Kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, mzunguko mmoja unachukua siku nzima, kwa hiyo chombo kinakwenda sawa na Dunia na kuonekana kama kimesimama mahali pamoja. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat ziko huko, na mojawapo imewekwa juu ya Bahari ya Hindi. Inatuma picha mpya mara kadhaa kila saa, mchana na usiku, kwa sababu inahisi joto la vilele vya mawingu. Mawingu ya kimbunga hupanda juu sana, na vilele vyake ni baridi kali, kwa hiyo hata saa nane za usiku yanajitokeza wazi. Watabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania walikuwa na picha za aina hiyo mezani siku zile mlipokuwa mnasikiliza redio. Picha pekee haisemi kesho itakuwaje. Inasema sasa hivi kitu kiko wapi na kimefanana vipi, na mtabiri pamoja na kompyuta zake wanaanzia hapo. Bibi alikosa hata mahali pa kuanzia.

Limebaki swali la mwisho, iko wapi sasa. Iko hukohuko juu. Kwenye kimo chake hewa ni chache kiasi kwamba imeshuka kidogo tu tangu 1960. Betri zimekufa, kamera haziwaki, na haijibu amri ya mtu yeyote. Ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Lakini inaendelea kuzunguka Dunia kila baada ya dakika mia hivi, ikipanda hadi latitudo ya 48 na kushuka hadi ya 48, na njia yake bado inakatiza juu ya pwani yenu. Mkiwa uwanjani siku ya somo la tochi na mwembe, huenda ikawa inapita juu ya Songosongo.